Damu Niliyoisoma Muleba

Siku yangu ya kwanza kazini nilizimia. Nalisema hilo mapema, ninyi vijana wa maabara mlioniomba niandike, ili msidhani kwamba mama mliyemuaga juzi kwa keki na vitenge alizaliwa amevaa koti jeupe. Nilizimia kwa kuona damu yangu mwenyewe, isiyozidi vijiko viwili vya chai, na aliyenidaka ni Ta Kaijage.

Alikuwa mkuu wa maabara katika hospitali ndogo ya misheni wilayani Muleba, na sote tulimwita Ta, kama Wahaya tunavyomwita mwanamume tunayemheshimu. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na cheti ambacho hakijapata hata mkunjo. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja: meza ya saruji chini ya dirisha, darubini yenye kioo cha kukamatia mwanga wa jua, na mashine ya kuzungushia damu yenye mpini kama wa cherehani. Mvua ikinyesha, na kwetu mvua haihitaji kualikwa, tulihamisha darubini kutoka dirisha hadi dirisha tukitafuta mwanga.

Nilipozinduka, Ta Kaijage alinipa chai ya maziwa. "Vizuri," akasema. "Sasa unajua mgonjwa anavyojisikia. Kaa hapo uiangalie."

Alikuwa ameigawa damu yangu katika chupa mbili nyembamba za kioo. Moja haikuwa na kitu, nyingine ilikuwa na dawa ya kuzuia kuganda. Ile ya kwanza iliganda kabla sijamaliza chai ya pili. Aliipindua juu chini na haikumwagika hata tone. Ya pili ilianza kujitenga taratibu. Hakunipa kazi nyingine kutwa nzima. Ilipofika saa tisa alasiri, juu palikuwa na maji ya manjano, mfano wa juisi ya ndizi iliyochujwa vizuri. Chini palijaa wekundu mzito. Kati ya tabaka hizo mbili palipita utando mweupe, mwembamba kama ukucha wa mtoto mchanga.

"Unaona nini?"

"Damu imeharibika."

Hakucheka. "Haijaharibika, imejipanga. Hayo ya juu ni maji ya damu, plazima. Humo husafiri chakula, chumvi, dawa unazomeza, na taka zinazopelekwa kwenye figo. Wekundu ni wachukuzi. Wanapokea hewa safi kwenye mapafu na kuifikisha mpaka kidole gumba cha mguu, na hawarudi mikono mitupu, wanarudi na baadhi ya hewa chafu. Na huu utando ambao ulikaribia kutouona, humo mna askari, chembe nyeupe, wanaopigana na magonjwa. Wako pamoja na chembe sahani, vipande vidogo vinavyokimbilia palipokatika na kupaziba."

"Utando mdogo hivyo?"

"Mdogo hivyo. Ukikuishia, huna wa kukulinda." Kisha akanisogezea daftari. "Humu utaandika unachokiona. Si unachokitaka, wala anachokitaka daktari."

Mwaka ule ule mkulima mmoja aling'atwa na nyoka akipunguza majani ya migomba. Mguu ulivimba, fizi zikaanza kuvuja. Ta Kaijage alitia damu yake katika chupa safi ya kioo, akaiweka mezani, akazuia mtu yeyote asiiguse kwa dakika ishirini. Alipoiinamisha ilimwagika kama chai. Sumu ilikuwa imevuruga vile vitu vya kwenye plazima vinavyoshikana kuigandisha damu. Daktari akampa dawa ya kuzima sumu, nasi tukarudia kipimo kila baada ya saa kadhaa, hadi chupa ilipoinamishwa na damu ikakataa kutoka. Kipimo hicho hakitaki mashine. Kinataka chupa safi na mtu mvumilivu. Umeme ukikatika mkakaa mnaitazama mashine kama ng'ombe aliyegoma kusimama, kikumbukeni. Yule mkulima alituletea mkungu wa ndizi ambao ulinishinda kuubeba.

Lakini habari niliyotaka hasa kuwaachia ni ya nyumba ya Domisian.

Nilikuwa na miaka mitano kazini, na mimi mwenyewe nilikuwa nanyonyesha, kwa hiyo mtoto yeyote aliyelia katika wodi alinilowesha blauzi. Asubuhi moja Domisian, mkulima wa kahawa wa Kamachumu, aliingia na binti yake wa miaka minne mgongoni. Mtoto aliitwa Editha. Macho yake yalikuwa manjano, na viganja vyake vyeupe kama karatasi. Hakuwa analia, na hilo ndilo lililonitisha. Nyuma yao alikuja dada mkubwa wa Domisian, Ma Paskazia, mwanamke mrefu aliyevaa gauni la gomesi, mwenye sauti ya kuendesha mikutano.

"Mama yake yuko wapi?" niliuliza nikiwa natoboa kidole cha mtoto.

Domisian alitazama viatu vyake. Aliyejibu ni dada yake. "Yustina yuko kwao, Nyanga. Amepumzishwa."

"Anaumwa?"

"Wawili amewazaa, wawili tumewazika kibanjani, katika migomba ya kaka yangu. Wa tatu ndiye huyo unayemwona. Ukoo wetu hauna ugonjwa huu, waitu, ndugu yetu. Alikuja nao."

Niliweka tone la damu ya Editha chini ya darubini. Chembe nyekundu za mtu mzima wa afya ni za mviringo, laini, kama vitumbua vilivyobonyezwa katikati, na ulaini huo ndio unaozipitisha katika mishipa myembamba kuliko unywele. Za Editha nyingi zilikuwa zimejikunja na kukakamaa, zimechongoka ncha mbili kama mundu wa kukatia nyasi. Chembe za namna hiyo hukwama njiani. Zinapokwama mtoto hulia mifupa inauma, na kwa kuwa hazidumu, damu humpungukia. Ni selimundu. Wengi wenu mmeijua vitabuni kabla ya kukutana nayo. Mimi nilikutana nayo wodini, ikiwa na nywele zilizosukwa mistari minne.

Daktari alisema mtoto lazima aongezewe damu kabla ya jua kuzama. Friji yetu ya damu ilikuwa tupu. Domisian alikunja mkono wa shati kabla hajaombwa.

Siku hizo, kabla ya kumpa mgonjwa wa selimundu damu ya ndugu, Ta Kaijage alitaka kwanza tujue kama ndugu naye ana chembe hizo. Kipimo chenyewe ni rahisi. Unachanganya tone la damu na dawa inayoondoa hewa safi, unafunika kwa kioo chembamba, unaziba kingo ili hewa isiingie, unasubiri nusu saa. Mimi niliziba kwa rangi ya kucha nyekundu. Nilikuwa nimeinunua dukani Kamachumu kwa ajili hiyo tu, na masista walichukua muda mrefu kuamini.

Wakati tukisubiri, Ta Kaijage alipima makundi ya damu, nami nilizungumza na Domisian.

"Ugonjwa huu hauletwi na mtu mmoja," nilimwambia. "Mtoto hupokea sehemu mbili, moja kwa baba, moja kwa mama. Aliyepokea moja tu haumwi, anaweza kuzeeka bila kujua. Mwenye mbili ndiye huyu."

"Mimi sijaumwa hata kichwa," alisema. "Magunia ya kahawa nabeba mwenyewe."

"Ndivyo ilivyo kwa wenye moja."

Nusu saa ilipopita niliinamia darubini. Nilitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu nilikuwa natafuta maneno. Mwishoni nilisogea pembeni. "Njoo uangalie mwenyewe."

Aliinama, akafumba jicho moja kama nilivyomwonyesha. "Naona miundu," alisema. "Mingi. Hizi ni za mtoto?"

"Ni zako."

Aliendelea kuinama pale. Nadhani hakutaka tumwone uso. Ma Paskazia alimsogeza kwa kiwiko, akaangalia naye, akasimama wima.

"Labda chombo chenu kibovu."

"Basi nipe kidole," nikasema.

Tulisubiri nusu saa nyingine, Ta Kaijage akizungusha mpini wa mashine na kuhesabu kwa Kihaya. Chembe za Ma Paskazia zilibaki mviringo, nzuri, kana kwamba zimetoka kukaangwa. Niliona bega lake likishuka kwa nafuu, kisha nikaona amefahamu.

"Tumetoka tumbo moja," alisema polepole. "Yeye anazo, mimi sina."

"Mmoja wa wazazi wenu alikuwa nayo. Ikampita mmoja, ikampata mwingine. Hakuna aliyechagua."

"Kwa hiyo imo kwetu."

"Imo kwenu, na imo kwao Yustina. Imo katika nyumba nyingi sana za mkoa huu."

Ta Kaijage aliinua kichwa kutoka mezani. "Mama," alimwambia kwa upole, "kundi lako ni O, la mtoto pia ni O. Magonjwa tumeyapima, huna. Nimechanganya damu yako na plazima yake, hazikugombana. Ukikubali, utampa wewe."

Alipanda kitandani, akanyoosha mkono. Sindano ilipoingia hakukunja uso. Mfuko ulipofika nusu aliniuliza, akitazama dari, "Damu yangu ikimwingia, atachukua na tabia zangu?"

"Chembe nyekundu huishi kama miezi minne tu, Ma Paskazia. Zako zikiisha anarudi kuwa mwenyewe."

"Bahati yake."

Halafu aligeukia ukutani. Nilidhani ni kizunguzungu, nikamshika mkono. Hakikuwa kizunguzungu. "Wale wawili," alisema, "niliwaogesha mimi kabla ya kuwazika. Yustina alikuwa ameketi mlangoni. Sikumpa hata pole. Nilimwambia akawaambie wazazi wake wamtafutie dawa."

Niliendelea kumshika mkono, nikitikisa mfuko kwa mkono mwingine ili damu isigande.

"Kesho nitakwenda Nyanga," alisema.

"Si aende Domisian?"

"Domisian hakumfukuza. Nilimfukuza mimi."

Jioni ile, mfuko ulipokuwa unakaribia kwisha, Editha alifumbua macho na kuomba ndizi. Nilifungua kiganja chake nikaona wekundu unarudi, kwanza kwenye mistari, kisha kwenye vidole. Nimeona mambo mengi katika kazi hii, na bado sijaona zuri kuliko hilo. Kila chembe ilifika na mzigo wake, mtoto akaomba ndizi.

Siku mbili baadaye waliingia wodini wanawake wawili. Aliyetangulia ni Ma Paskazia, amebeba kichwani sanduku lisilo lake. Yustina alimfuata mikono mitupu, mwembamba, anatembea kama anayeogopa kuamsha mtu. Alimnyanyua Editha, akanusa nywele zake, akaketi sakafuni naye palepale. Domisian alitoka nje. Ma Paskazia alitua sanduku, akatafuta kiti, akaambiwa viti hakuna, akaketi sakafuni na gomesi lake.

Tangu hapo, kila baada ya miezi minne Ma Paskazia alikuja kutoa damu, awe na ndugu mgonjwa au hana. Siku tulipomwambia kwamba umri umepita, alibishana na sisi dirishani hadi foleni ikamuunga mkono.

Sasa niseme kuhusu chembe nyeupe, ambazo nilikuja kuzijua zaidi ya nilivyotamani.

Ta Kaijage alikuwa na desturi ya kila Jumatatu: kabla ya wagonjwa, alijitoboa kidole na kutumia damu yake kujaribu kama rangi zetu za kupakia kwenye vioo ziko sawa. Jumatatu moja aliniachia kioo nikisome, naye akaketi kwenye kigoda. Alikuwa amepungua mwili miezi ile, akasema ni kwa sababu ameacha kula nyama. Nilitazama, nikasogeza kioo, nikatazama tena.

"Unaona nini?" aliuliza, kama siku zote.

Nilifuta lenzi, nikainama tena.

"Adventina, mwanangu. Unaona nini?"

"Nyeupe," nilisema. "Nyingi mno. Changa. Ni askari ambao hawajafundishwa."

"Na chembe sahani?"

"Chache."

"Nilizihesabu wiki iliyopita," alisema. "Nilitaka kujua kama nimekosea." Alisimama, akanisogezea daftari. "Andika unachokiona."

Niliandika. Mwandiko wa siku hiyo ni mbaya. Alikwenda Mwanza kwa matibabu ya saratani ya damu, akarudi, akafanya kazi siku alizoweza, na siku asizoweza nilimpelekea vioo vigumu nyumbani kwake, darubini nikiwa nimeibeba kwenye kapu la majani. Alivisoma akiwa ameegemea mito. Aliniachia lenzi zake na kipimio chake cha kuhesabia chembe, na alifariki nyumbani, mkewe akimsomea rozari. Hadi leo sipendi watu wanaosema damu "mbaya". Hakukuwa na kitu kibaya ndani ya mtu yule.

Miaka ikapita, nikahamishiwa Bukoba mjini, nikajenga Rwamishenye. Mkazaliwa ninyi, mkasoma, mkaja na mashine zinazohesabu chembe zote kwa dakika moja. Sizisemi vibaya. Nilichoka kuhesabu kwa jicho moja. Ila mashine haioni kwamba mama aliyeko dirishani amekuja peke yake, na kwamba hajui kusoma alichopewa.

Editha alikua. Alikua kwa shida: kulazwa, kutoka, kulazwa, vidonge, maji mengi, sweta hata jua likiwaka, maana baridi humleta mgonjwa wa selimundu hospitali haraka. Akamaliza shule, akawa mwalimu wa msingi Kamachumu. Siku moja alikuja maabara na kijana aitwaye Projestus, mwalimu mwenzake, akaniambia, "Mama Adventina, huyu nataka kuolewa naye. Mpime."

Projestus alikuwa na ile sehemu moja. Niliwaeleza kwa kituo: kila mimba, uwezekano ni nusu kwa nusu, mtoto ataibeba tu kama baba yake au ataugua kama mama yake. Na mimba yenyewe ni hatari kwa Editha. Projestus aliuliza maswali mazuri. Editha alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama," aliniambia, "wazazi wangu wangepimwa kabla, nisingekuwapo. Na mimi napenda kuwapo. Naumwa, lakini napenda." Alimgeukia kijana. "Wewe ndiye unayepaswa kufikiri. Usinijibu leo."

Projestus alifikiri miezi mitatu. Wakafunga ndoa.

Asimwe alizaliwa kwa upasuaji, mama yake akiwa chini ya uangalizi wa madaktari wawili. Daktari alimwanzishia mtoto dawa ya kinga kwa tahadhari, na tukasubiri afikishe miezi sita, kwa sababu mtoto mchanga huzaliwa na himoglobini ya tumboni, ile inayobeba hewa kabla hajapumua mwenyewe, nayo huuficha ugonjwa. Siku ya kipimo walikuja wote. Domisian, mvi tupu, alikuwa amemvisha mjukuu sweta mbili na kofia. Yustina alishika mkoba. Sikumwachia kijana yeyote kazi ile.

Mashine ilitoa karatasi, nikaisoma. Nikairudia damu kwa njia ya zamani, kwa kioo na rangi ya kucha. Nilitoka, nikaketi kando ya Editha kwenye benchi, kwa sababu majibu ya namna ile hayatolewi dirishani.

"Ana mbili," nilimwambia.

Yustina alifumba macho. Domisian alimvuta mtoto karibu zaidi na kifua chake. Editha alichukua karatasi, akaisoma yote kama anayesahihisha daftari, akaikunja.

"Basi," alisema, "tunajua pa kuanzia. Kliniki inafunguliwa saa ngapi?"

Hiyo ni miaka minne iliyopita. Asimwe alianza dawa akiwa mdogo, dawa ambazo mama yake alizipata ukubwani, na hajalazwa ila mara mbili. Kila mwezi wakitoka kliniki hupita kwangu Rwamishenye kunywa chai. Wiki iliyopita alikuwa anakimbiza kuku wangu kwenye mibuni, nikamwita. Kwa mazoea, kabla ya kumsalimu, nilimgeuzia kiganja, nikamvuta chini kope nione ndani ya jicho.

Alivumilia kidogo, kisha akanishika kidole akakiondoa.

"Bibi, unatafuta nini?"

"Nakutafuta wewe."

"Mimi nipo," akasema, na akarudi kwa kuku.